Uso wa bakteria waishio ndani ya seli: unashika nini, unaficha nini, na utathibitishaje

Swali. Nasoma shahada ya uzamili katika mikrobiolojia na mradi wangu unahusu bakteria wanaoishi ndani ya seli. Vitabu vinasema LPS, yaani ule mchanganyiko wa mafuta na sukari ulio juu ya bakteria wa Gram-hasi (wale wenye utando wa pili nje ya ukuta), huamsha kinga ya mwili kwa nguvu mno. Sasa Salmonella na Shigella wanakaaje ndani ya seli wakiwa wamevaa kitu hicho hicho? Swali la pili: nimemwondolea bakteria wangu jeni moja ya protini ya uso, na idadi ya wanaoingia kwenye seli imeshuka mara kumi. Naweza kuandika kwamba protini hiyo ndiyo ufunguo wa kuingilia?

Jibu. Nianze na la pili kwa kuwa lina jibu fupi: hapana, bado hujafika hapo. La kwanza linataka maelezo, na ukilishika vizuri utaona mwenyewe kwa nini la pili nimelijibu hivyo.

Vitabu vya utangulizi huuchora uso wa bakteria kama koti: linavaliwa, linakinga, basi. Kwa bakteria anayeishi ndani ya seli picha hiyo inapotosha, kwa sababu mahitaji yake yanagombana. Mlangoni anataka kushikwa. Lazima aiguse seli, aikamate, aisukume immeze. Akishamezwa, kilichomshikisha kinaweza kugeuka alama ya kumkamatisha. Akitoboa kifuko kilichombeba na kutumbukia kwenye sitoplazimu, yaani uji wa ndani ya seli, anakutana na walinzi wengine kabisa, wenye vigezo vingine vya kumtambua adui. Kwa hiyo kabla hujauliza molekuli fulani ya uso "inafanya kazi gani", uliza kwanza iko wazi katika hatua ipi, na wakati huo inatazamana na kitu gani cha seli. Molekuli moja inaweza kuwa msaada saa ya kwanza na balaa saa ya tatu.

Mlangoni

Seli za epithelia, zile zinazofunika nyuso kama za utumbo, si walaji wa bakteria kwa kawaida, hivyo anayetaka kuingia humo hana budi kuzilazimisha. Njia ya kwanza huitwa ya zipu. Protini ya uso wa bakteria inaungana na kipokezi cha seli, kisha kingine pembeni yake, kisha kingine, na utando wa seli unapanda ukimfuata mpaka unamfunga kabisa. Mfano wa kale ni invasini ya Yersinia pseudotuberculosis. Mwaka 1985 Ralph Isberg na Stanley Falkow walihamisha sehemu moja tu ya jenomu ya bakteria huyo na kuipandikiza kwa E. coli K-12, kiumbe mpole wa maabara, naye akaanza kuingia kwenye seli za wanyama zilizooteshwa. Invasini inashika integrini (vipokezi vya seli) za jamii ya beta-1, zile zile ambazo seli huzitumia kujishikiza kwenye fibronektini, protini ya nje ya seli, ila invasini inazing'ang'ania kwa nguvu zaidi kuliko fibronektini yenyewe. Nguvu hiyo ndiyo inayoamua mambo. Anayeshika kwa ulegevu hubaki akining'inia nje. Anayeshika kwa nguvu, na kwa vipokezi vingi kwa mara moja, ndiye anayeuvuta utando umzunguke. Kushikamana na kuingia ni vitu viwili tofauti, na tutalirudia jambo hili tukifika kwenye jaribio lako.

Listeria monocytogenes ana funguo mbili, na tofauti kati yake inafundisha mengi. InlA inashika E-kadherini, protini inayounganisha seli za epithelia na jirani zake. InlB inashika Met, kipokezi cha homoni ya ukuaji wa seli za ini. InlA imefungwa kwenye peptidoglikani, wavu wa ukuta wa bakteria, kwa kifungo imara kabisa kinachowekwa na kimeng'enya sortasi A. InlB imejilaza tu juu ya asidi lipoteikoiki, molekuli nyingine ya ukuta huo, na baadhi yake hudondoka na kuelea nje. Ukimwosha Listeria kwa fujo unaweza kupunguza InlB bila kuigusa InlA, halafu ukadhani umegundua jambo jipya.

InlA ina mtego mwingine uliowapotezea watu miaka. E-kadherini ya binadamu ina prolini katika nafasi ya 16. Ya panya ina asidi glutamiki mahali hapo. Badiliko hilo la asidi amino moja linatosha kuifanya InlA isishike kabisa. Simbilisi na sungura wana prolini kama sisi, lakini kwao InlB ndiyo haifanyi kazi. Kwa hiyo matokeo ya "InlA haina umuhimu katika maambukizi ya utumbo" yaliyopatikana kwa panya wa kawaida yalikuwa kweli kwa panya, na hayakuhusu binadamu hata kidogo. Aina kadhaa za Listeria zinazookotwa kwenye vyakula zina jeni ya InlA iliyokatika kabla ya mwisho; protini hutengenezwa lakini haina mkia wa kuifungia ukutani, inamwagika nje, na bakteria anaingia kwa shida. Kuwa na jeni si sawa na kuwa na protini usoni. Ukisoma tu kwamba bakteria fulani "ana inlA", bado hujajua kitu.

Njia ya pili ni ya vurugu. Salmonella na Shigella wana mfumo wa sindano, ule wa usafirishaji wa aina ya tatu, unaochoma utando wa seli na kumimina protini ndani. Kwa Salmonella, SopE inaziwasha swichi za seli Cdc42 na Rac1, aktini (nyuzi zinazoipa seli umbo) inalipuka, utando unainuka kama mawimbi na kumfunika bakteria pamoja na chochote kilicho jirani. Kisha SptP, iliyoingizwa na sindano ile ile, inazizima tena. Zote mbili huingia kwa viwango vinavyokaribiana. Tofauti ni kwamba seli huivunja SopE haraka na kuiacha SptP idumu zaidi. Fujo inatulia yenyewe, na seli inabaki hai kumhifadhi mgeni.

Hapa uso wa bakteria unashiriki kwa njia ambayo wengi huisahau. Sindano ya Shigella inachomoza nje nanomita kama 50 tu, na imezungukwa na msitu wa minyororo ya sukari ya LPS, ile sehemu iitwayo O. Minyororo mirefu inamkinga dhidi ya komplimenti, protini za damu zinazoua bakteria, lakini ikirefuka mno inaizika ncha ya sindano. Shigella flexneri hulitatua hili kwa kuongeza glukosi kwenye mnyororo wa O, jambo linaloufanya ujikunje na kufupika karibu nusu bila kupoteza uwezo wa kukinga. Kwa hiyo ukiona mutanti wa LPS (bakteria ambaye jeni zake za LPS zimebadilishwa) anaingia vizuri kuliko bakteria wa asili, usishangae. Huenda umemfunulia sindano tu.

LPS: anajificha, anajibadili, au anaizima kengele

Kinachoigusa kengele ya kinga si LPS nzima, ni lipidi A, sehemu ya mafuta iliyo chini yake. Kipokezi TLR4 kikiwa na mwenzake MD-2 kina mfuko wa mafuta. Lipidi A ya E. coli ina mikia 6 ya asidi mafuta: 5 inazama kwenye mfuko, wa 6 unabaki juu na kuzifunganisha nakala mbili za TLR4, na hapo kengele inalia. Lipidi A yenye mikia 4 inazama yote, haifunganishi chochote, na kwa binadamu kengele inakaa kimya au inalia kwa mbali. Ukiijua hesabu hii, bakteria wengi wanaeleweka kirahisi.

Francisella tularensis na Coxiella burnetii wana mikia 4. Brucella ana asidi mafuta ndefu isiyo ya kawaida, moja yake ya kaboni 28, na LPS yake haina ukali wa ile ya bakteria wa utumbo. Ehrlichia na Anaplasma walikwenda mbali zaidi: wamepoteza jeni za kutengeneza LPS, na ili utando wao usilegee wanachukua kolesteroli ya mwenyeji na kuipachika kwenye utando wao wenyewe. Ni suluhisho la ajabu lenye gharama, kwa kuwa bakteria hao ni dhaifu sana nje ya seli. Anayewasafisha kwa kemikali inayoondoa kolesteroli asidhani anaondoa uchafu, anaondoa kinachoushikilia utando.

Salmonella yeye anabadilika akiwa safarini. Ndani ya kifuko cha makrofaji (seli ya kinga inayomeza bakteria), magnesi hupungua, asidi hupanda, na peptidi za kuua bakteria humwagwa. Kihisi chake PhoQ huzitambua dalili hizi na kuiamsha PhoP inayowasha jeni, na lipidi A inashonwa upya na vimeng'enya: PagP inaongeza mkia mmoja, PagL inakata mwingine, ArnT inapachika aminoarabinosi inayopunguza chaji hasi. Badiliko hilo la mwisho ndilo linaloziteleza peptidi zenye chaji chanya pamoja na antibiotiki polimiksini. Ukipima uwezo wa LPS ya Salmonella kuamsha kinga kwa kutumia bakteria waliokuzwa kwenye mchuzi wenye magnesi tele, unapima vazi la nje ya nyumba. Wakuze kwenye magnesi ya mikromola kama 10 na pH ya 5 hadi 5.8, na utakutana na LPS nyingine.

Lakini sehemu ya jibu lako ni kwamba Salmonella hajifichi sana. Kwenye utumbo anautaka uvimbe. Uvimbe huzalisha tetrathionati, ambayo yeye anaweza kuitumia kupumulia na wapinzani wake wengi hawawezi. Kengele ya TLR4 mlangoni, kwake, ni biashara. Tatizo linaanza akiwa ndani.

Kwenye sitoplazimu hakuna TLR4. Kuna kimeng'enya kaspasi-4, inayoishika lipidi A moja kwa moja na kuifanya seli ijipasue ili imtupe bakteria nje. Kaspasi-4 peke yake hupata shida kuifikia lipidi A iliyozikwa kwenye utando, hivyo kwanza hufika GBP1, protini inayochochewa na interferoni (ishara ya hatari ya kinga), inayojitandaza juu ya bakteria kama ngozi ya pili na kufungua njia. Mwaka 2021 ilionekana pia kwamba protini RNF213 ya seli inapachika ubikuitini, protini ndogo inayotia alama vitu vya kuharibiwa, kwenye lipidi A yenyewe. Hili ni jambo la kushtua kidogo, maana wengi tulifundishwa kwamba ubikuitini hupachikwa kwenye protini. Kumbe bakteria anaweza kutiwa alama ya kuliwa kwenye mafuta yake.

Shigella, ambaye maisha yake yote ya ndani yako sitoplazimuni, asingeishi dakika nyingi humo bila silaha. Anaingiza OspC3, inayoizima kaspasi-4, na IpaH9.8, inayozipeleka GBP (GBP1 na ndugu zake) zikavunjwe. Juu ya hayo, akiwa ndani ya seli hupunguza mikia ya lipidi A yake. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: Salmonella kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya kifuko ambako LPS yake haionekani kwa kaspasi-4, na humo anaibadili; Shigella anatoka na LPS yake hadharani, ila amewakata ulimi wanaoweza kupiga kelele. Ukimnyang'anya Shigella OspC3, seli za binadamu zinakufa mapema. Ukimfanyia Salmonella utando wa kifuko upasuke, naye anaonja yale yale.

Flajela, mikia ya kuogelea, zinafuata mantiki hiyo hiyo, na nitazitaja kwa kifupi: zinafaa kuogelea hadi mlangoni, lakini protini yao flajelini ikivuja sitoplazimuni inatambuliwa na walinzi wa seli, NAIP na NLRC4. Salmonella huizima jeni ya flajelini akiwa ndani. Aina nyingi za Listeria huizima kwenye nyuzi 37.

Wenye nta, na wanaohamishia uso wao ukutani pa chumba

Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa kifua kikuu, hana LPS. Ana ukuta wa tabaka: peptidoglikani, kisha arabinogalaktani ya sukari, kisha asidi mikoliki zenye kaboni 60 hadi 90, na juu yake mafuta huru yaliyochomekwa humo. Kila tabaka lina mazungumzo yake na makrofaji. ManLAM, molekuli yenye vikofia vya sukari ya manosi, inashika kipokezi cha manosi na kuchelewesha fagosomu (kifuko kilichommeza) isikomae kuwa lisosomu (kifuko cha kumeng'enya). Trehalosi dimikolati inatambuliwa na kipokezi Mincle na huamsha uvimbe. PDIM, nta isiyo na sukari wala chaji, inazifunika molekuli zinazoweza kuamsha TLR (vipokezi vya jamii ya TLR4), na pia inahitajika pamoja na ESX-1, mfumo wa kutoa protini nje, ili fagosomu itobolewe. Mycobacterium leprae ana PGL-1, ambayo sukari zake tatu za mwisho zinashika laminini alfa-2 inayozizunguka seli za Schwann, zile zinazofunika mishipa ya fahamu. Ndiyo moja ya sababu ukoma unakimbilia mishipa ya fahamu.

Kwa kundi hili makosa ya maabara yanaweza kuibadili biolojia nzima. Watu huweka Tween 80 kwenye mchuzi, kwa kawaida 0.05%, ili bakteria wasigandamane. Inasaidia kweli, lakini inawavua sehemu ya kifuniko cha nje. PDIM nayo hupotea yenyewe kadiri bakteria anavyohamishwa chupa hadi chupa, kwa sababu maabarani aliyeipoteza hukua haraka kidogo na kuwashinda wenzake. Ukilinganisha mutanti wako na bakteria wa asili, hakikisha wote wana PDIM, la sivyo huenda unaripoti ajali ya chupa. Wala usimtumie M. smegmatis kuelezea ManLAM. LAM yake haina vikofia vya manosi.

Chlamydia trachomatis ana nyuso mbili waziwazi. Nje ya seli yuko katika umbo dogo la mikromita kama 0.3, gumu, ambalo protini zake za nje, ikiwemo MOMP, zimefungamana kwa vifungo vya salfa. Kwa aina za LGV (zinazovamia tezi za limfu), protini yake OmcB hushika heparani salfeti, sukari ya uso wa seli. Akishaingia vifungo hivyo vinavunjwa, analainika, anakua hadi mikromita 1 hivi na kuanza kugawanyika. Kuanzia hapo uso wake muhimu si wake tena. Anaingiza protini ziitwazo Inc kwenye utando wa kifuko alichomo, zaidi ya 50 kwa makadirio ya jenomu, na hizo ndizo zinazozungumza na seli: IncA inaviunganisha vifuko vidogo kuwa kimoja, IncD inaivuta CERT, protini ya seli inayobeba mafuta, ili yapatikane mafuta ya sfingomielini. Aina asilia zisizo na IncA huonekana chini ya hadubini zikiwa na vifuko vingi ndani ya seli moja. Kwa Chlamydia, basi, kusoma "uso wa bakteria" bila utando wa kifuko ni kusoma nusu ya barua.

Kuendesha aktini kwa uso

Listeria na Shigella wakiwa sitoplazimuni husukumwa na mkia wa aktini, mikromita kadhaa hadi makumi kwa dakika. Listeria hutumia ActA, inayoiamsha Arp2/3, mashine ya seli ya kujenga aktini, moja kwa moja. Shigella hutumia IcsA, inayoivuta protini ya seli N-WASP, na hiyo ndiyo inayoiamsha Arp2/3. Ili mkia uwe na faida lazima protini ikae upande mmoja. Ikienea mwili mzima, misukumo inagongana na bakteria anatetemeka alipo. IcsA huwekwa kwenye ncha ya zamani ya bakteria, na kimeng'enya IcsP hukata inayozagaa. ActA ina kazi ya pili: protini za seli zinazojikusanya juu yake zinazuia alama ya ubikuitini isimfikie bakteria. Kwa Rickettsia kinga dhidi ya ubikuitini hutolewa na OmpB, protini ambayo pia imeonyeshwa kushika protini ya seli Ku70 wakati wa kuingia. Protini moja, hatua mbili, kazi mbili.

Na hapa ndipo penye funzo kubwa kwa mradi wako. Mutanti wa Shigella asiye na mnyororo wa O hasambai vizuri kutoka seli hadi seli. Mtu angeandika haraka kwamba mnyororo wa O ni wa kusambaa. Ukiipaka rangi IcsA unaona imezagaa mwilini mwote. Mnyororo wa O haumsukumi bakteria popote. Kukosekana kwake kunaivuruga protini nyingine. Nyuso za bakteria zimejaa mivurugano ya namna hii.

Kuhusu mutanti wako

Kushuka mara kumi kunaweza kutokana na mambo angalau manne yasiyohusiana na ufunguo: bakteria hafiki kwenye seli, anafika hashikamani, anaingia anakufa, au kipimo chenyewe kinamuua. Yapitie kwa utaratibu.

Nadhani umetumia kinga ya gentamisini (antibiotiki inayoua bakteria walio nje ya seli na kuwaacha walio ndani), kwa hiyo nieleze ninavyoiona ikifanywa vizuri. Kwenye sahani ya visima 24, weka seli laki 1 hadi 2 kwa kisima siku moja kabla, bila antibiotiki yoyote kwenye mchuzi. Siku ya jaribio hesabu seli za kisima kimoja kwa kuzibandua, usikisie. Ongeza bakteria 10 kwa kila seli, na wakati huo huo pandikiza myeyusho ule ule kwenye sahani za agari ili ujue uliweka wangapi hasa. Kipimo cha ukungu cha OD kinadanganya ukilinganisha mutanti anayegandamana au mwenye umbo jingine. Zungusha sahani kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 200 g dakika 5, acha nyuzi 37 kwa dakika 30, osha mara tatu kwa upole, kisha weka gentamisini mikrogramu 100 kwa mililita kwa saa 1. Ukitaka kuendelea na saa nyingi zaidi, shusha hadi 10 au 20, kwa sababu gentamisini huingia ndani ya seli polepole na kiwango kikubwa kikikaa muda mrefu kinaua hata waliojificha. Pasua seli kwa sabuni ya Triton X-100 ya 0.1% kwa dakika 10, punguza mara kumi kumi, pandikiza, hesabu.

Vidhibiti ndivyo vinavyolipa jaribio hadhi. Weka bakteria wa aina zote mbili kwenye kisima kisicho na seli, pamoja na gentamisini: lazima ubaki na sifuri. Waweke pia kwenye Triton ya 0.1% kwa dakika 10 na uone kama idadi inashuka. Mutanti mwenye utando wa nje ulioharibika anaweza kufa humo, na hapo "haingii" maana yake ni "hakuvumilia sabuni". Pandikiza maji ya kuoshea ya mwisho. Fanya kisima chenye saitokalasini D, mikrogramu 1 kwa mililita, iliyowekwa dakika 30 kabla: inazuia aktini, hivyo kuingia kunapaswa kuporomoka lakini kushikamana kubaki. Kisima kisichotiwa gentamisini, kilichooshwa na kupasuliwa mara tu baada ya dakika 30, kinakupa jumla ya walioshikamana na walioingia. Gawanya walioingia kwa jumla hiyo. Kama uwiano ni ule ule kwa mutanti na kwa asilia, protini yako ni ya kushikamana, na neno "kuingia" liondoke kwenye kichwa cha habari.

Sentrifuji ina maana yake. Mutanti asiye na flajela, au asiyeogelea kwa sababu nyingine, hushindwa kuzifikia seli zilizo chini ya kisima na kuonekana kama asiyeweza kuingia. Ukimzungusha tofauti inapungua au kuisha. Fanya jaribio na bila sentrifuji. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ni matokeo pia.

Angalia pia hali ya ukuzaji, kwa kuwa nyuso hizi hubadilika na joto na chumvi. Sindano ya kuingilia ya Salmonella hujitokeza vizuri mwishoni mwa ukuaji wa kasi, kwenye chumvi ya kutosha na oksijeni kidogo. Mchuzi uliolala usiku kucha ukitikiswa kwa nguvu utakupa bakteria wavivu. Shigella anahitaji nyuzi 37, si 30, na plasmidi yake kubwa hupotea kirahisi: mpandikize kwenye agari ya Congo red na uchukue koloni nyekundu tu. Invasini ya Yersinia pseudotuberculosis hutengenezwa zaidi kwenye nyuzi 26 hadi 28. Na seli zako lazima ziwe na kipokezi, upande unaofikika. Seli za utumbo za Caco-2 zilizokomaa na kujipanga huficha sehemu kubwa ya E-kadherini pembeni na chini, kwa hiyo InlA itaonekana dhaifu kwenye tabaka zuri lililofungana kuliko kwenye visiwa vya seli chache vyenye kingo wazi.

Gentamisini isiwe shahidi pekee. Kaza seli kwa paraformaldehaidi ya 4%, zipake kingamwili dhidi ya bakteria bila kutoboa utando, toboa, kisha paka kingamwili ile ile kwa rangi ya pili. Wa nje wana rangi mbili, wa ndani moja. Tahadhari moja: kingamwili nyingi za bakteria wa Gram-hasi hushika mnyororo wa O, hivyo mutanti wa LPS hatapakika, na utamhesabu kama hayupo. Kwa huyo tumia bakteria wanaong'aa wenyewe. Wala usijaribu kuunganisha GFP ya kawaida (protini inayong'aa) na protini inayopitia njia ya Sec kwenda nje. Haikunjiki sawasawa huko na haing'ai. Kitambulisho kifupi kama HA, kikiwekwa kwenye kitanzi kilicho wazi, kinafaa zaidi.

Baada ya hapo mrudishie mutanti jeni yake, kwa nakala moja kwenye jenomu ikiwezekana, maana plasmidi yenye nakala nyingi humwaga protini usoni kupita kiasi na kukupa "uponyaji" wa uongo au hata kufunika protini nyingine. Pima protini usoni, si mRNA. Toa LPS na uipitishe kwenye jeli ya rangi ya fedha uone ngazi yake ya mistari haijabadilika. Mutanti wako akipita yote hayo, umethibitisha kwamba protini *inahitajika*.

Kusema *inatosha* ni hatua nyingine. Ipandikize kwa bakteria asiyeingia: Listeria innocua na Enterococcus faecalis ndio waliotumika kwa InlA, na E. coli K-12 kwa invasini. Au isafishe na uipake kwenye shanga za lateksi za mikromita 1, uone kama seli inazimeza. Shanga zilizopakwa albumini ziwe kidhibiti. Shanga zina uzuri wake: hazina LPS, hazina sindano, hazibadili uso. Mwisho ondoa kipokezi kwenye seli, au badili asidi amino moja inayoshikana, na uone pande zote mbili zinakubaliana.

Kwa matokeo uliyo nayo leo, sentensi unayoweza kuiandika bila kuogopa mtahini ni hii: "Kuondolewa kwa jeni hii kulipunguza mara kumi idadi ya bakteria waliopatikana hai baada ya gentamisini, katika seli za aina hii, chini ya hali hizi za ukuzaji." Neno "ufunguo" lisubiri shanga.